Spidiboli, msituni au magazini: peintiboli ipi ikufae mwili na kichwa?

Siku ya kwanza ya peintiboli, mchezo wa kufyatuliana vidonge vya rangi ambapo anayepakwa anatolewa, haina uamuzi mgumu. Unapewa bunduki, barakoa na mfuko wa vidonge vya rangi, unaonyeshwa upande wako, unakimbia. Ugumu huanza pale unapotaka kuufanya uwe mchezo wako wa kudumu, yaani ununue vifaa, ufanye mazoezi na utafute kikundi. Hapo ndipo unapogundua kuwa mchezo huu una matawi matatu, na wa kila tawi anakuapia kuwa lake ndilo peintiboli yenyewe.

Spidiboli huchezwa kwenye uwanja tambarare na wa wazi, wenye kinga za plastiki zilizojazwa upepo. Nusu moja ya uwanja ni kioo cha nusu nyingine, ili pasiwe na timu yenye upande mzuri. Viwanja vya mashindano ya NXL, ligi ya peintiboli huko Marekani, vina ukubwa wa takriban mita 46 kwa 37, na timu huwa watu watano kwa watano.

Peintiboli ya msituni ndiyo ya asili: miti, makorongo, vichaka, pengine kibanda cha mbao au gogo lililoanguka. Timu inaweza kuwa ya watu kumi au ya mamia, na mchezo unaweza kuchukua dakika ishirini au kutwa nzima.

Ya magazini huchezwa msituni au kwenye majengo, ila hakuna hopa ya vidonge 200 iliyokaa juu ya bunduki. Vidonge vinakaa kwenye magazini inayoingia chini, vikiwa kati ya 10 na 20, na vikiisha unabadilisha magazini.

Kwa kawaida zote tatu hutumia kidonge kilekile: ganda la jelatini lenye kipenyo cha inchi 0.68 (milimita 17 na kidogo), uzito wa gramu 3 hivi, ndani mkiwa na rangi inayooshwa kwa maji. Mwendo nao unabanwa vilevile, futi 280 hadi 300 kwa sekunde, yaani mita 85 hadi 91. Kinachozitenganisha hasa ni vidonge vingapi unavyobeba, na jambo hilo linaonekana dogo mpaka ulione likibadilisha namna unavyokimbia, unavyofikiri na unavyochoka. Mchezo wa kwanza kabisa, uliochezwa tarehe 27 Juni 1981 katika mji wa Henniker, New Hampshire, ulikuwa na watu 12 waliobeba bunduki za Nelspot 007, zana iliyotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu. Alikusanya bendera zote bila kufyatua hata kidonge kimoja.

Vigezo

Tutazipima kwa mambo matano: mzigo wa mwili, mzigo wa kichwa, vifaa na ulaji wa vidonge, yanayoharibika katikati ya mchezo, na maumivu pamoja na usalama. Kichwa kitachukua nafasi kubwa kuliko mengine. Mwili unaweza kuuzoeza wiki kwa wiki kwa ajili ya tawi lolote, lakini mtu anayechukia kusubiri hageuki kuwa mtu wa msituni kwa kupiga pushapu.

Mwili

Spidiboli ni mbio fupi zilizokatwakatwa. Mwamuzi akipuliza, unatoka mbio mita 10 hadi 20, unaserereka kwa goti au kwa ubavu nyuma ya kinga, na papo hapo unatakiwa uwe unafyatua. Pointi moja, yaani raundi moja, inaweza kuisha ndani ya nusu dakika, au ikavutana dakika kadhaa. Kisha unapumzika kidogo na kurudia tena. Mapaja ndiyo yanayolia kwanza, kwa sababu nyuma ya kinga hukai wala husimami. Umechuchumaa nusu, viwiko vimebanwa mbavuni, umeegemea upande mmoja kama mtu anayechungulia mlangoni. Anayecheza kwenye "nyoka", ile kinga ndefu ya chini inayopita pembezoni mwa uwanja, hutambaa karibu muda wote, na kesho yake tumbo na nyonga humkumbusha.

Kuna ufundi mmoja wa mwili ambao wageni huudharau: kubadilisha mkono. Ukitokeza upande wa kushoto wa kinga huku bunduki iko mkono wa kulia, bega zima na nusu ya kifua vinaonekana. Hamishia bunduki mkono wa kushoto, na kinachoonekana ni sehemu ya lenzi ya barakoa na kipande cha hopa. Mazoezi yake ni ya kuchosha na hayana raha: tokeza, fyatua vidonge viwili, rudi, mara hamsini kulia na mara hamsini kushoto.

Msituni mwili hutumika polepole na kwa muda mrefu. Unatembea kilomita kadhaa kwenye ardhi isiyo sawa, unapiga magoti, unalala kifudifudi, unatulia robo saa, halafu ghafla unakimbia mita thelathini ukiruka mizizi. Pumzi haikatiki kama kwenye spidiboli. Kinachoumia ni vifundo vya miguu, shingo (barakoa inakulazimisha ugeuze kichwa kizima ili uone pembeni) na kiuno. Viatu vinavyoshika kifundo ni muhimu kuliko bunduki nzuri. Maji pia: mtu aliyefunika uso na kuvaa mikono mirefu hupoteza jasho bila kulihisi, na kiu ikifika huwa amechelewa.

Ya magazini inakaa katikati, pamoja na uzito wake. Magazini sita hadi nane kifuani, bunduki iliyo nzito kidogo, na ile kazi ya kubadilisha magazini ukiwa umepiga goti bila kushusha macho. Bega la mkono unaoshika mbele huchoka mapema, maana hufyatui mfululizo bali unaishikilia bunduki imeelekezwa mahali pamoja, unangoja.

Kichwa

Tuanze na hesabu ndogo inayoeleza nusu ya spidiboli. Kidonge hutoka mtutuni kwa mita 85 kwa sekunde, lakini ni chepesi na hewa inakibana, kwa hiyo kikifika mita 30 kimebaki na kama nusu ya mwendo wake, na kimetumia karibu nusu sekunde njiani. Mtu anayekimbia mita sita kwa sekunde amesogea mita tatu ndani ya nusu sekunde hiyo. Ukimlenga yeye, unapiga pale alipokuwa. Ndiyo maana mchezaji wa spidiboli halengi mtu wakati wa kuanza, anaziba njia. Anachagua upenyo kati ya kinga mbili, anamwaga vidonge pale mfululizo, na mpinzani anakimbilia ndani ya vidonge ambavyo tayari viko hewani.

Kuziba njia ni kazi ya kumbukumbu. Kabla ya pointi wachezaji hutembea uwanjani, husimama nyuma ya kila kinga, huinama kwa urefu watakaoinama wakicheza, na hukariri: kutoka hapa naona kona ya pipa lile, sioni nyuma ya pembetatu ile. Mchezo ukianza hakuna muda wa kugundua, kuna muda wa kukumbuka tu. Halafu kuna sauti. Mtu wa nyuma anapaza sauti bila kukoma: namba ya waliobaki, jina la kinga aliyomo mpinzani, nani anajaza hopa. Wa mbele anatakiwa asikie, achukue la maana, aachie mengine, huku akifyatua. Akili inayochoka hapa ni ile ya kuamua haraka kwa habari pungufu. Kosa kubwa la wageni ni macho kuganda: unashindana na mtu mmoja aliye mbele yako, unafurahia kumbana, na wa pembeni anakutoa bila hata kujificha. Dawa yake ni kanuni kavu ambayo timu hujilazimisha: baada ya kila vidonge vichache, tazama upande mwingine hata kama hakuna sababu. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, lakini hawakuwahi kuachwa wawili dhidi ya watatu.

Msituni habari huja kwa masikio. Tawi lililovunjika, ndege walioruka ghafla, vidonge vinavyogongana ndani ya hopa iliyojaa nusu. Hilo la mwisho ni kosa la kila siku: hopa ikijaa kabisa haina sauti, ikipungua inacheza kama kayamba kwa kila hatua. Wazoefu huijaza kila wanaposimama, hata kama vimepungua ishirini tu. Baadhi ya hopa za betri nazo zina mlio wa mota unaosikika mbali kuliko mwenye nayo anavyodhani.

Uchovu wa kichwa msituni ni wa subira. Unaweza kulala nyuma ya gogo dakika kumi na tano usione mtu, kisha ukapata sekunde tatu za kuamua: nimfyatulie huyu wa kwanza, au nimwache apite niwapate watatu walio nyuma yake? Ukifyatua mapema umejionyesha. Na ukifyatua kupitia kichaka, kidonge kitapasukia kwenye jani la kwanza. Mtu wa msituni hujifunza kutafuta dirisha, upenyo usio na kijiti hata kimoja kati ya mtutu na shabaha, na kabla hajafyatua huwa ameshaamua atahamia wapi baada ya hapo. Kuna pia mzigo wa ramani. Baada ya kuzunguka ubavuni mara mbili, wengi hupoteza mwelekeo na kuanza kuwafyatulia wa upande wao. Jua liko wapi, mteremko unaelekea wapi, kelele nyingi ziko upande gani: mambo matatu ya kujiuliza kila unapotulia.

Ya magazini inakuongezea kuhesabu. Una vidonge 18, umefyatua viwili, vitatu, viwili tena. Vimebaki 11, na mwenzako anakuita, na kuna mtu dirishani. Anayesubiri bunduki ifyatue hewa tupu ndipo ajue magazini imeisha huwa amechelewa kwa sekunde nne au tano, na kwa umbali wa mita kumi hizo ni nyingi mno. Kawaida nzuri ni kubadilisha ukiwa na vidonge vitatu au vinne ndani, nyuma ya kinga, kwa wakati unaouchagua wewe, na kumwambia mwenzako kabla hujashusha mkono. Hakuna kuziba njia kwa mvua ya vidonge. Ukitaka mpinzani asitoke, inabidi aamini kuwa utampiga akitoka. Hivyo unacheza na hofu yake: kidonge kimoja kwenye ukingo wa dirisha, kimya, kingine baada ya sekunde tano, kimya kirefu. Kimya kirefu ndicho kinachomtia mashaka zaidi.

Kwa maoni yetu, ya magazini ndiyo inayomfundisha mgeni nidhamu haraka zaidi, kwa sababu inamnyima njia ya mkato. Lakini pia ndiyo inayomkatisha tamaa haraka zaidi akichanganywa na wenye hopa. Mtu mwenye vidonge 18 anayekabiliana na mwenye 200 bila kujua kuzunguka hujikuta amekaa nyuma ya mti mmoja mchezo mzima.

Vifaa na ulaji wa vidonge

Katoni moja ya vidonge vya 0.68 kwa kawaida ina vidonge 2,000. Katika siku ya mazoezi ya spidiboli, mchezaji mmoja anaweza kuimaliza na kuanza ya pili. Kanuni nyingi za mashindano huweka kikomo cha vidonge 10 hivi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hopa ya vidonge 200 ni sekunde 20. Ndiyo sababu wachezaji hufunga kiunoni makopo ya akiba, kila moja likiwa na vidonge 140: wa mbele mawili au matatu, wa nyuma matano na zaidi. Bunduki ni ya kielektroniki, hopa ni ya mota, na gesi ni hewa iliyobanwa kwenye mtungi wa PSI (kipimo cha shinikizo) 3,000 au 4,500. Hewa ya ukaa haitakiwi kabisa kwenye bunduki hizi, kwa kuwa ikiingia ikiwa bado majimaji huharibu vali ya umeme.

Msituni, vidonge 500 kwa siku vinamtosha mtu wa kawaida. Bunduki ya kimakanika isiyo na betri inafaa kabisa, na aina kama Tippmann 98 imependwa miaka mingi kwa sababu inavumilia matope na inafunguliwa kwa funguo chache. Hewa ya ukaa hapa inakubalika, ila ina tabia yake. Shinikizo lake hufuata joto: asubuhi ya baridi, au ukifyatua mfululizo mpaka mtungi ukaota umande, mwendo unashuka na vidonge vinaanguka njiani. Juani mchana mwendo unapanda na unaweza kupita kikomo, kwa hiyo mwendo upimwe tena hata kama ulipimwa asubuhi.

Ya magazini hula vidonge 150 hadi 300 kwa siku, lakini unanunua magazini za kutosha na vesti ya kuzibeba. Baadhi ya bunduki za aina hii hupokea pia First Strike, kidonge chenye mapezi nyuma kinachozunguka hewani, na hicho huenda mbali na kunyooka kuliko cha duara. Bei ya kimoja ni mara kadhaa ya cha kawaida, hivyo hesabu ya kuokoa kwa kubeba vidonge vichache inaweza kuyeyuka hapo. Viwanja vingine haviviruhusu, uliza kwanza.

Jambo moja ni la wote watatu: kidonge kilingane na mtutu. Fungua mtutu, uutoe kabisa kwenye bunduki, tumbukiza kidonge. Kikipita chenyewe na kuanguka chini, mtutu ni mpana na hewa itavuja pembeni. Ukilazimika kukisukuma kwa kidole, ni mwembamba na kitapasukia humo. Kinachofaa hukwama, na hutoka ukikipulizia kwa mdomo.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kwenye spidiboli ugonjwa mkuu ni kidonge kukatwa kikiwa hakijaingia sawasawa kwenye chumba cha bunduki, nyuma ya mtutu. Kwa kasi ile, betri ya hopa ikilegea kidogo tu, vidonge vinachelewa na boliti, kile kipande kinachosukuma kidonge mtutuni, inakata kimoja katikati. Rangi ikishaingia mtutuni, kila kidonge kinachofuata hupinda. Pitisha kisafishio mara mbili, futa pia jicho la bunduki, kile kitambuzi kinachoangalia kama kidonge kimekaa, la sivyo bunduki itadhani chumba kimejaa na itaendelea kukata. Ugonjwa wa pili ni ukungu kwenye lenzi: pumzi ya moto baada ya mbio inagusa plastiki ya baridi. Lenzi ya tabaka mbili hupunguza sana tatizo hilo. Ila isitumbukizwe majini wala kusuguliwa na kitambaa kilicholowa chepechepe, maana maji yakishapenya kati ya tabaka hayatoki.

Msituni adui ni unyevu. Ganda ni jelatini, hunywa maji. Mfuko wa vidonge ulioachwa wazi usiku kwenye umande, kesho yake una vidonge vilivyovimba na kunata, na kimoja kilichovimba kinatosha kuziba. Joto huvilegeza, baridi kali huvifanya vipasuke kama yai. Vihifadhi ndani, mbali na jua, mfuko umefungwa, na uugeuze kila siku chache ili vya chini visilemewe vikawa bapa.

Magazini huharibu vidonge kwa springi yake. Ukizijaza jana ili leo uwahi, vidonge vimekaa usiku kucha vimebanwa na vimekuwa kama mayai, na kidonge chenye umbo la yai hakiendi unakolenga. Jaza asubuhi, kama inawezekana dakika chache kabla ya kuanza. Na usiiangushe magazini tupu chini kwa mbwembwe. Ikiingia mchanga, punje mbili tu zinatosha kupasua kidonge kinachofuata ndani ya bunduki. Shona kifuko cha kudondoshea kwenye mkanda.

Maumivu na usalama

Spidiboli ina mapigo mengi na ya karibu. Mpinzani akikuvamia kwenye kinga yako akiwa anafyatua kumi kwa sekunde, unaweza kupata matatu au manne kabla hajaachia kifyatulio. Alama ni za siku kadhaa. Nguo zake zina sponji kwenye viwiko, magoti na nyonga, na wanaojali huongeza kinga ya shingo. Msituni mara nyingi hupigwa kimoja au viwili kutoka mbali, na baadhi hudunda tu bila kupasuka. Ukipigwa cha namna hiyo hujatolewa. Magazini mapigo ni machache zaidi, ila ndani ya majengo umbali unakuwa mfupi, na hapo kanuni ya kumwambia mtu ajisalimishe akiwa ndani ya mita tatu hivi ndiyo inayookoa ngozi.

Kuna yasiyobadilika kokote. Barakoa iwe ya peintiboli yenyewe (kiwango cha ASTM F1776 ndicho cha kutafuta), miwani ya kiwandani au ya pikipiki haifai. Haivuliwi uwanjani hata lenzi ikiwa nyeupe kwa ukungu: nyoosha mkono juu, toka au uongozwe nje. Soksi ya mtutu, kifuko kinachozuia kidonge kutoka, inavalishwa kabla ya kuvuka wavu kutoka uwanjani. Na kagua shingo ya mtungi: chora mstari wa rangi ya kucha unaopita kwenye chupa na kwenye vali yake. Siku mistari hiyo miwili ikiacha kukutana, vali inajifungua kutoka kwenye chupa badala ya mtungi kujifungua kutoka kwenye bunduki, na hapo unaacha kuzungusha mara moja.

Uaminifu nao ni sehemu ya usalama wa mchezo. Spidiboli ina waamuzi kila upande, na katika mashindano anayefuta rangi ili aendelee huigharimu timu yake zaidi ya nafasi yake mwenyewe. Msituni hakuna mwamuzi nyuma ya kila mti. Kama kumwona mtu akifuta rangi begani kutakuharibia siku nzima, lijue hilo kabla hujachagua.

Majaribio matatu kabla ya kununua chochote

Yote yanafanyika bila bunduki, ukiwa na mwenzako mmoja.

La kwanza: kimbia mita 15, piga goti, mwenzako akutajie kwa sauti vitu vitano bila mpangilio, simama, kimbia urudi, umrudishie vitano hivyo. Mara sita, ukipumzika nusu dakika tu kati. Kama mara ya tano ulikuwa unakumbuka vitatu na bado unacheka, spidiboli inakuita.

La pili: chuchumaa nyuma ya mti dakika kumi, simu iwe mbali. Ukimaliza, chora kila sauti uliyoisikia na ilikotoka. Wapo wanaojaza karatasi. Wapo wanaoangalia saa dakika ya tatu, na hao msitu utawatesa.

La tatu: tembea ukihesabu kimoyomoyo kutoka 18 kwenda chini, ukipunguza moja, mbili au tatu kila mwenzako anapopiga kofi mara hizo, huku anakuhoji mambo ya kawaida na wewe unamjibu. Ukifika sifuri, na yeye amefika sifuri hapohapo, kichwa chako kimeumbwa kwa magazini.

Kwa hali yako

Una muda mfupi kwa wiki, unataka jasho, na una watu wanne walio tayari kurudia zoezi lilelile: spidiboli itakulipa, mradi bajeti ya vidonge ipo. Bila timu ya kudumu hupoteza ladha haraka, kwa kuwa nusu yake ni sauti za watu mnaojuana.

Una kundi la marafiki au ndugu wa umri na nguvu tofauti: nendeni msituni. Asiyeweza kukimbia anaweza kulinda bendera, na anaweza kuwa yule anayeamua mchezo. Kwa watoto, au kwa anayeogopa maumivu, ulizia vidonge vidogo vya inchi 0.50. Vina uzito wa chini ya nusu, na pigo lake ni jepesi zaidi.

Magoti yako yana historia: epuka spidiboli ya mashindano, hasa nyoka. Kama shida iko vifundoni, mambo hugeuka, kwani uwanja tambarare ni salama kuliko mizizi.

Unapenda vitu vya mahesabu, unachukia kupoteza, na huna haja ya kufyatua ili ujione unacheza: magazini. Ila tafuta kwanza kikundi ambacho wote wana magazini, au angalau uwanja unaotenga siku zao.

Na kama umebaki katikati ya msitu na magazini, usinunue bado. Kodisheni bunduki za kawaida, chezeni mchezo wa kwanza hopa zikiwa zimejaa, kisha wa pili kila mtu ahesabiwe vidonge 40 kabla ya kuingia, bila akiba. Mkitoka, mimineni hopa mezani. Aliyebaki na vidonge 25 na bendera mkononi, na aliyeishiwa dakika ya pili, watakuwa wamejibiwa hapohapo.